Kijana wangu wa Gredi ya 5 anachekwa shuleni, je nimtoe nimsomeshe nyumbani?

SWALI: Salaam mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mtwapa. Kijana wangu mkubwa ana miaka kumi, yuko Gredi ya 5 kwenye shule ya kulipia upande wa Nyali. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri kwa sababu ya basi, anarudi saa kumi na moja jioni, anaenda madrasa, akija ni kazi za nyumbani na projekti mpaka analala juu ya daftari. Kusoma anasoma polepole sana, wenzake wanamcheka, na mwalimu wake ameshamwambia mbele ya darasa zima kuwa ni mvivu. Rafiki yangu anasomesha wanawe nyumbani kwa mtandao na wanaendelea vizuri, nami nataka kufanya hivo hivo. Nina diploma ya uhasibu, niko nyumbani nauza nguo kwa WhatsApp. Mume wangu yuko Doha kikazi na hataki kusikia, anasema mtoto atakuwa mkiwa na serikali itatufunga. Nieleze kwa nini wazazi wengine wanafanya na wengine wanakataa, na wewe ungenishauri nini?

JIBU: Wa alaikum salaam dada. Nakujibu kwa urefu manake hili ni jambo la miaka, si la muhula mmoja.

Kwanza nikwambie nilichokiona kwenye swali lako. Umenipa sababu nne tano za kumtoa kijana kwenye ile shule na zote naziheshimu, kuamka usiku, safari ndefu ya basi, kuchekwa, kuaibishwa mbele ya wenzake, kulala juu ya daftari. Lakini hukunipa hata sababu moja ya kumsomesha nyumbani, ila tu kwamba rafiki yako anafanya na mambo yanaenda. Hayo ni maswali mawili na wazazi wengi wanaokuja kwangu huwa wameyafunga kitita kimoja. Shule ikiwa mbaya, hiyo ni sababu ya kuondoka hapo. Sasa kama nyumba yenu itaweza kuwa mahali pa masomo kuanzia leo mpaka kijana afike miaka kumi na sita kumi na saba, hilo linajibiwa na mambo mengine kabisa, nani atakaa naye saa nne asubuhi ya Jumanne, mitihani atafanyia wapi, na siku akitaka kurudi darasani atapitia mlango gani.

Tuanze na wanaofanya, manake watu huwadhania vibaya. Hapa Kenya kuna familia za Kikristo ambazo zimekuwa zikisomesha nyumbani tangu zamani kwa mtaala wa ACE, ule ulioanzishwa Texas mwaka 1970, wa vijitabu ambavyo mtoto anajifanyia mwenyewe kwa mwendo wake na mzazi anasimamia na kusahihisha. Kuna familia zetu za Kiislamu ambazo zinataka mtoto ahifadhi Qur'ani angali mdogo, sasa wanampa asubuhi yote ya hifdhi na masomo ya dunia yanakuja baadaye. Kuna wazazi wanaohamahama kikazi. Kuna wenye watoto wenye usonji au maradhi ya kulazwa mara kwa mara ambao walizunguka shule baada ya shule wakiambiwa hatuna nafasi ya mtoto kama huyu, hao kusema kweli hawakuchagua, walisukumwa. Halafu kuna waliogundua wakati wa korona, shule zilipofungwa Machi 2020 na watoto wengi wasirudi mpaka Januari 2021, ndani ya hiyo miezi kuna mzazi aliyeona mwanawe anamaliza kazi ya siku nzima kabla ya saa tano asubuhi, tena ana furaha, akajiuliza kwani huwa wanafanya nini huko mpaka jioni.

Na swali hilo lina jibu. Mimi nimefundisha darasa la watoto zaidi ya arobaini kwa hio najua muda unakwenda wapi. Unakwenda kwenye kutuliza kelele, kuita majina, kugawa vitabu, kungojea wa mwisho amalize kunakili ubaoni, kusahihisha daftari moja moja huku wengine wamekaa. Mtoto mmoja akikaa na mtu mzima mmoja anayemjua, asiye na haraka, kwa saa mbili tatu, wanaweza kufika mbali sana na jioni akabaki na nguvu za kucheza. Hii ndo hoja kubwa kuliko zote ya kusomesha nyumbani na siipingi hata kidogo. Pia analala. Mtoto wa miaka kumi anahitaji usingizi wa saa tisa mpaka kumi na mbili kwa usiku, wa kwako anaamka saa kumi na nusu, sasa hata angelala saa tatu usiku na sioni kama analala saa tatu, bado amepungukiwa, na mtoto mwenye usingizi hasomi vizuri popote pale hata umpeleke shule ya mfalme.

Sasa upande wa sheria, manake mume wako ameuliza na ana haki ya kujibiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ndo inayokaza kamba zaidi, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule mfululizo, na anayekosa kufanya hivo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 30,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inatambua taasisi zinazofundisha kwa njia mbadala, ila nazo ni lazima ziwe zimesajiliwa, na meza yako ya jikoni haijasajiliwa. Kuna wazazi walioipinga sheria hii mahakamani wakisema mzazi ndiye mwenye haki ya kwanza kuchagua aina ya elimu ya mwanawe, kama lilivyosema Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, lakini sheria bado iko vile vile. Je, polisi watakuja Mtwapa kesho? Familia nyingi zinasomesha nyumbani miaka na hakuna aliyebisha hodi. Lakini mzazi mmoja wa Magharibi mwa Kenya alikamatwa mwaka 2019 kwa jambo hili hili, kwa hio mume wako hajasema upuuzi. Inatosha jirani mmoja mliyekosana aende kwa chifu akaseme watoto wa fulani hawaendi shule, na wewe mume wako yuko mbali, utakuwa unajieleza peke yako.

Mimi kwa maoni yangu sheria ingefaa ifunguliwe, mzazi ajisajili, mkaguzi apite nyumbani, mtoto apimwe kila mwaka. Afrika Kusini sheria yao ya shule ya 1996 iliruhusu mzazi kusajili mtoto asome nyumbani na haikuleta mwisho wa dunia. Kumwacha mzazi mwema ajifiche huku mzazi asiyejali naye anajificha kwenye giza lile lile, hilo halimlindi mtoto yeyote. Lakini nakushauri kwa sheria iliyopo, sio ile ninayoitamani.

Hapa niongeze kitu kuhusu video unazoangalia, manake najua unaziangalia, kila mama anayeniandikia anazitaja. Nyingi ni za Marekani. Kule kusomesha nyumbani ni halali kwenye majimbo yote 50, kila jimbo na masharti yake, vyuo vimeshazoea kupokea vijana waliosomeshwa na mama zao, wazazi wana vikundi vya kubadilishana masomo na maktaba kila mtaa. Ujerumani ni kinyume kabisa, mtoto lazima aende shule, na mwaka 2019 familia moja ilipoteza kesi hiyo hata kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Yaani jambo moja lina sura tofauti kulingana na mahali ulipo, kwa hio yule mama wa video mwenye kabati la vitabu na watoto sita wanaotabasamu hakujibu swali la Mtwapa.

Polisi wasikutie hofu sana lakini. Mimi kinachonitia hofu zaidi ni karatasi, na hili wazazi wengi hawalijui mpaka wamechelewa. Zamani enzi za mtaala wa 8-4-4 mtoto ungeweza kumfundisha kichochoroni miaka minane, ukatafuta shule ya kumsajilia KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, akaufanya huo mmoja na mambo yakaisha. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Kwenye CBC, huu mtaala mpya wa umilisi ambao siku hizi wameubadilisha jina wanauita CBE, alama zinakusanywa njiani. Mtoto ana namba yake ya tathmini ya KNEC, lile baraza la mitihani, walimu wa Gredi ya 4 na 5 wanampima shuleni na kupakia alama kwenye mfumo, Gredi ya 6 anafanya KPSEA, mtihani wa kumaliza msingi, Gredi ya 7 na 8 anapimwa tena shuleni, Gredi ya 9 KJSEA, mtihani wa kumaliza junia sekondari. Halafu kwenda sekondari ya juu, Gredi ya 10, hesabu ni hii: KPSEA asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 asilimia 20, KJSEA asilimia 60. Kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026 kwa njia hio. Sasa angalia, ukimtoa kijana leo akiwa Gredi ya 5 unakata uzi huo katikati, na hakuna mahali ambapo mama anaingia kwenye mfumo wa KNEC akapakia alama za mwanawe. Akitaka kurudi Gredi ya 8 atarudi na pengo, na itabidi upate mwalimu mkuu mwenye moyo wa kukusaidia kulieleza.

Ndo maana karibu wote wanaosomesha nyumbani hapa wanatoka kabisa kwenye mtaala wa Kenya, wanaenda Cambridge, ule mtaala wa Uingereza, au ACE. Rafiki yako bila shaka yuko huko. Ni njia nzuri na inafika, mtoto anasoma mpaka IGCSE, mtihani wa Cambridge wa sekondari, anaufanya kama mtahiniwa binafsi kwenye kituo kilichokubaliwa, halafu A-level au chuo. Lakini uijue unapoingia. Mitihani inalipiwa somo kwa somo, kwa pesa inayofuata thamani ya pauni. Ukifika wakati wa chuo kikuu, KUCCPS, ile ofisi ya serikali ya kugawa nafasi za vyuo, inapanga wanafunzi kwa matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwenye cheti cha nje anakipeleka KNEC kikalinganishwe na anaomba nafasi mwenyewe chuoni, na karo ya huko mara nyingi ni ya kujilipia. Kwa familia yenye uwezo hilo ni sawa. Kwa familia inayotegemea mshahara wa Ghuba ambao mkataba wake unaweza kuisha mwezi wowote, hapo ndo nasita sana dada, manake njia hii ukishaianza na mtoto wa miaka kumi ni vigumu kurudi nyuma akiwa na kumi na nne. Ila kama mna mpango wa nyote kuhamia Doha, niambie mapema, manake hapo Cambridge inageuka kuwa na faida, ni mtaala unaosafiri nao na shule nyingi za huko zinautumia.

Gharama pia wengi wanazihesabu nusu. Unaona karo utakayookoa, hesabu na hii: ada ya shule ya mtandaoni, laptopu, bando la intaneti kila mwezi, siku ambazo stima imepotea na somo liko hewani, vitabu, mwalimu wa kuja nyumbani kwa masomo usiyoyaweza, na biashara yako. Hio biashara usiiweke pembeni. Wateja wa WhatsApp wanataka majibu saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi utakuwa kwenye desimali. Una diploma ya uhasibu kwa hio hesabu mpaka Gredi ya 9 sina wasiwasi nawe, lakini junia sekondari ina masomo tisa, kuna sayansi ya maabara, kuna masomo ya awali ya ufundi, kuna kilimo na lishe, kuna insha za Kiswahili na Kiingereza za kusahihishwa kila wiki na mtu anayejua kusahihisha. Na una wadogo zake wawili. Ukimbeba mmoja nyumbani, wa pili atakuuliza mbona mimi naamshwa alfajiri.

Lingine ambalo halisemwi sana. Mtoto anayesoma kwa shida, kile kipindi cha kusoma ndo kipindi kigumu kuliko vyote vya siku yake, ndo wakati anapolia, anaporusha kitabu, anapojiita mjinga. Leo akitoka kwenye hicho kipindi anakuja kwako, wewe ndo kimbilio. Siku utakapokuwa wewe ndo mwalimu, wewe ndo uliyemliza, halafu saa saba unampakulia chakula ukitaka akuone kama mama. Kuna mama wanaoweza na nawavulia kilemba. Kuna wengine wazuri sana, wenye mapenzi kabisa, ambao baada ya muhula mmoja walikuwa hawasemeshani na mtoto vizuri na ikabidi wamrudishe shule ili wapatane. Wewe jiulize kwa ukweli, ukimsaidia kazi za nyumbani sasa hivi jioni, mnamaliza mkiwa na hali gani?

Kuhusu ukiwa, hapa mume wako nadhani amezidisha. Mtoto wa Mtwapa anayekwenda madrasa kila jioni, ana binamu, ana mpira wa mtaani, hatakuwa bubu kwa kukosa darasa. Tafiti nyingi zinazosifu tabia za watoto waliosomea nyumbani ni za Marekani na zimefanywa kwa familia zilizojitolea zenyewe kupimwa, na familia ambayo mambo yake yamevurugika haijitolei, kwa hio sizitumii kukutuliza. Natumia macho tu, nimeona watoto wa nyumbani wachangamfu na nimeona watoto wa shule wapweke, na wa kwako sasa hivi ndo mpweke, yuko katikati ya wenzake thelathini wanaomcheka. Kitu kimoja tu shule inatoa ambacho nyumbani hupati, jicho la mtu mzima mwingine. Mwalimu ndo anayeona mtoto amekonda, ana alama mgongoni, amebadilika ghafla. Kwenye nyumba yenye amani hilo halitahitajika, lakini ndo sababu moja kubwa serikali nyingi zinakaza kuhusu mahudhurio na sioni kama ni ubaya.

Nimefika sasa kwenye kile ambacho kwangu mimi ndo kiini, na wewe umekitaja kwa mstari mmoja tu: anasoma polepole sana.

Dada, mtoto wa Gredi ya 5 anayesoma polepole hadi anachekwa, huyo hajapimwa. Na neno mvivu mwalimu analitumia akishindwa kujua afanye nini. Sheria hiyo hiyo ya 2013 inakataza mtoto kuumizwa kimwili au kisaikolojia shuleni, kwa hio ile ya kumtaja mbele ya darasa una haki kamili ya kwenda kwa mwalimu mkuu kuizungumza, kwa adabu na kwa maandishi. Lakini hata mwalimu akiacha, kusoma hakutapona kwa yeye kuacha. Na ukimleta nyumbani hakutapona kwa kumleta nyumbani. Utakuwa umemwondolea aibu, ambalo ni jambo kubwa, lakini shida umeihamisha tu kutoka Nyali mpaka Mtwapa, na kwa mtaala wa Cambridge umemwongezea maana wote uko kwa Kiingereza.

Kwa hio fanya hivi kwanza. Macho na masikio, hospitali yoyote yenye kitengo hicho, wengi wanaruka hatua hii kisha inakuja kugundulika mtoto alikuwa haoni ubao. Wakati unangojea miadi, mpime kusoma mwenyewe. Chukua aya mbili asizowahi kuziona, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, zote za kiwango cha Gredi ya 3, asome kwa sauti dakika moja kila moja, uhesabu maneno aliyoyapata sawa na uandike aliposita. Kiswahili chetu kinasomwa kama kinavyoandikwa, ba ni ba popote, kwa hio mtoto aliyeshajua silabi anasoma hata neno asilolijua. Kiingereza hakiko hivo. Akisoma Kiswahili vizuri akakwama Kiingereza, basi tatizo lake pengine ni lugha na namna alivyofundishwa, anahitaji msamiati na kufundishwa sauti za herufi kwa mpangilio, hilo linatengenezwa kwa miezi na mwalimu mmoja mwenye subira. Akikwama kote kote, anasoma Kiswahili sawa lakini kwa kukokota silabi moja moja kama wa darasa la kwanza, hapo nashuku disleksia, ile hali ya mtoto kupata taabu na herufi hata kama akili anayo. Kwenye lugha kama yetu disleksia inaonekana zaidi kwa upolepole kuliko kwa makosa, ndo maana walimu wanaikosa, wanaona mtoto anapata majibu basi wanasema anajivuta.

Kuna dalili nyingine wewe mama wa Kiislamu unaweza kuiona ambayo mwalimu wa shule haioni. Muulize ustadhi wake wa madrasa: huyu kijana anahifadhi kwa kusikia haraka? Na akifungua msahafu sura asiyoihifadhi, anasoma vipi? Mtoto anayehifadhi upesi kwa masikio lakini herufi za Kiarabu nazo zinamchosha macho, ananiambia mengi kuliko ripoti ya shule. Ananiambia akili ipo na kumbukumbu ipo, njia ya kupitia herufi ndo nyembamba. Na muulize babake kwa simu kama yeye au ndugu zake walipata taabu kusoma utotoni, hii hali hufuata familia.

Halafu nenda kwenye kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, wanaviita EARC, kaunti zote zina vituo hivyo, uulizie ofisi ya elimu iliyo karibu yako. Wanapima watoto wenye changamoto za kujifunza na wanakupa ripoti. Ile ripoti ni karatasi yenye nguvu, ukiwa nayo unaweza kukaa na shule yoyote mkazungumza kuhusu muda wa ziada, kusomewa maswali, kutolazimishwa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Ukienda bila ripoti wewe ni mama anayelalamika.

Umeniuliza ningekushauri nini. Kwa hali uliyonieleza mimi singemleta asomee nyumbani sasa. Ningemtoa kwenye hio shule, mwisho wa mwaka au hata mwisho wa muhula huu akiwa anaumia sana, nikampeleka shule ya hapo hapo Mtwapa anayoweza kutembea au kwenda kwa dakika kumi, hata kama jina lake si kubwa, hata kama majengo si ya kupigia picha. Ukitafuta usiangalie matokeo kwanza. Uliza darasa lina watoto wangapi, uliza mwalimu wa Gredi ya 5 huwa anafanya nini na mtoto anayesoma nyuma ya wenzake, na umsikilize anavyojibu, manake kuna atakayekwambia huwa tunawaambia wazazi wawatafutie tuisheni na kuna atakayekueleza kazi anayofanya. Umepata saa mbili za usingizi kila siku, uzi wa KNEC haujakatika, karo pengine imeshuka, na ile tofauti ya karo unamlipa mwalimu wa kusoma aje nyumbani mara tatu kwa wiki, nusu saa nusu saa, kazi yake iwe kusoma tu, asiguse kazi za nyumbani. Hapo utakuwa umechukua lile bora la elimu ya nyumbani, mtu mzima mmoja na mtoto mmoja bila haraka, bila kubeba mzigo wote na bila kuvunja sheria.

Mambo mawili yangenifanya nibadili shauri. La kwanza, kama kijana ameanza kuumwa tumbo kila asubuhi, kukojoa kitandani, kusema hataki kuishi. Hapo humrudishi hata siku moja, unamweka nyumbani wiki hizo, unamwandikia mwalimu mkuu na unampeleka kwa daktari, masomo yatangoja. La pili, kama mmejaribu shule nyingine, ripoti ya EARC mnayo, na bado kila mlango unafungwa. Hapo kumsomesha nyumbani kunakuwa na sababu yake yenyewe na nitakusaidia kupanga, lakini tutapanga mpaka IGCSE na pesa yake tukiwa tumeijua, sio mpaka Disemba.

Na kama roho yako bado inavutwa huko, ijaribu likizo ya Agosti. Wiki tatu kamili, saa mbili na nusu mpaka saa sita, Jumatatu mpaka Ijumaa, wadogo wakiwepo, simu ya biashara ikilia kama kawaida. Usimkimbize mtaala, fanya kusoma na hesabu, na siku moja kwa wiki mtoke, mpeleke Fort Jesus aihesabu miaka tangu Wareno walipoanza kuijenga 1593, au ufuoni aandike maji yanajaa saa ngapi wiki nzima aone yanavyochelewa kila siku. Unachopima hapo ni wewe mwenyewe, kama wiki ya tatu bado unaamka na hamu.

Kwa mume wako usimpelekee neno homeskuli tena kwa sasa, mpelekee aya hizo mbili. Mpigie video Ijumaa akiwa mapumziko, asikie mwanawe anasoma kwa sauti dakika moja, manake naona nyinyi mnabishana kuhusu shule na huenda hajawahi kusikia shida yenyewe. Lakini mwombe kijana ruhusa kwanza, akikataa usimlazimishe, mweleze tu kwa maneno. Na upimaji wenyewe ufanye Jumamosi asubuhi akiwa amelala vizuri na ameshakunywa chai, usifanye usiku baada ya madrasa, kisha niandikie idadi ya maneno kwa lugha zote mbili, alisita kwenye maneno gani, na ustadhi amesema nini.